Fomu ya Hisabati ya Tellervo

Mke wangu Tellervo aliacha shule akiwa na miaka kumi na sita, baba yake alipoumia mgongo na ng'ombe wakakosa wa kuwakamua. Alipotimiza hamsini na mbili akajiandikisha sekondari ya watu wazima mjini. Masomo yalimfikia kwa posta; aliyasoma jikoni, kati ya ukamuaji wa asubuhi na wa jioni. Mtihani wa mwisho uliruhusiwa kugawanywa katika misimu mitatu mfululizo. Machi alifaulu Kifini na Kiswidi, Septemba Kiingereza. Ikabaki hisabati, Machi iliyofuata. Asingeifanya safari hiyo, yote yaliyotangulia yangefutika.

Siku za mtihani nilimfungia chakula mimi. Karatasi za nje za chupa na pakiti zilipaswa kubanduliwa zote, hata ya chokoleti, msimamizi asije akadhani zimeandikwa majibu. Nilizibandua kwa kisu, taratibu. Wakati huo nilikuwa namjivunia.

Siku ya mwisho ya kujiandikisha, mwishoni mwa Novemba, alinipa fomu niipeleke shuleni.

"Ofisi inafungwa saa tisa, mzee. Usiende kupiga soga dukani."

"Nikipiga utanifanya nini?"

"Nitakukalisha unijibie hizo hisabati."

Dukani nilikokwenda kununua chakula cha ng'ombe, jirani yetu Arvi alinigonga bega.

"Mkeo akishavaa ile kofia nyeupe ya wasomi, Eino, unadhani atarudi kushika chuchu za ng'ombe? Jifunze kupika."

"Kupika najua."

"Basi jifunze kula peke yako."

Watu walicheka, nami nikacheka. Kisha nikaegesha gari mbele ya shule, fomu mapajani. Ilikuwa saa nane na nusu. Nilikaa humo mpaka katibu alipotoka na kufunga mlango kwa ufunguo. Sikusahau. Nilikaa nikamtazama.

Nyumbani aliniuliza kama nimeipeleka. Nikasema ndiyo, nikaenda zizini.

Februari mwalimu wake, Pirjo, alipiga simu: jina la Tellervo halimo kwenye orodha ya mtihani. Tellervo alikuwa akikanda mkate wa iliki. Alirudisha simu mahali pake, unga ukabaki juu yake.

"Labda sikutia sahihi," alisema. "Au labda hata sikukupa, mzee. Kichwa changu siku hizi."

Akanitazama, akingoja nimkatalie.

"Huenda," nikasema.

Aliandikia shule barua ya kuomba radhi kwa usahaulifu wake, akaanza upya tangu Kifini. Agosti waligundua uvimbe kwenye kongosho. Oktoba tukamzika.

Kwenye kahawa ya baada ya mazishi Pirjo alikaa kando yangu. Nilimweleza kwa sauti ya chini, mpaka ule ufunguo. Alikoroga kikombe chake muda mrefu.

"Ungenipigia wiki ile ningemwombea nafasi," alisema. "Waliochelewa wakiwa na sababu walikuwa wakipokelewa."

"Ningetoa sababu gani?"

"Hiyo hiyo uliyonipa sasa."

Dada yake Tellervo alikuwa amesimama, akiwasomea watu kadi za rambirambi, moja baada ya nyingine. Nikainuka nami.

"Tellervo hakusahau," nikasema.

Dada yake aliteremsha miwani. "Hakusahau nini, Eino?"

Arvi alikuwa meza ya pili, na keki mdomoni. Ikabidi nianzie mwanzo.