Tofali Elfu Kumi na Mbili na Themanini

Baba mtu alikuwa fundi muashi mpaka mgongo ulipomgomea, na aliyejenga nusu ya mtaa hawezi kushinda kutwa akitazama kuta za wenzake. Akajitosa kujifunza kuandika programu, akipania kutengeneza ya kuhesabu tofali. Binti yake, ambaye hiyo ndiyo kazi yake huko mji mwingine, alicheka hadi machozi, kisha akamtumia kompyuta yake ya zamani.

Tangu hapo simu ikawa haikatiki jioni. Na huyu ni mzee ambaye, tangu mkewe afariki, ukimpigia anajibu “kwema, haya,” anakata.

“Mwanangu, ukuta wa kwanza tofali mia na ishirini, wa pili themanini. Hili dude linaniambia elfu kumi na mbili na themanini! Najenga banda la kuku au gereza?”

Binti aliona kosa papo hapo. Kompyuta ilizishika zile namba kama maandishi, ikaziunganisha, 120 na 80 zikawa 12080, badala ya kuzijumlisha. Ipo amri fupi ya kuiuliza: hiki ulichoshika ni namba au maandishi? Akimfundisha hiyo, mzee atajitegemea, na simu zitakwisha. Hilo ndilo aliloliogopa. Basi akamwelekeza mstari wa kurekebisha, amri akaifumbia mdomo. Kesho yake kosa lile lile likazuka kwenye upana wa mlango, keshokutwa kwenye mifuko ya saruji. Akalirekebisha vivyo hivyo, nafsi ikimsuta, moyo umejaa furaha. Choyo? Ndiyo, choyo cha mtoto kwa babake, tumfanyeje?

Jioni moja akashindwa kuvumilia. “Baba, kuna amri ya kuuliza aina. Nimekuwa nakuficha.”

Mzee akakohoa.

“Ile? Naijua tangu wiki ya kwanza. Sijawahi kupanga tofali bila kuligonga nisikie kama limeiva. Nitaachaje kutafuta namna ya kuzigonga hizi namba?”

“Sasa makosa yote yale?”

“Nilikuwa nayarudisha mwenyewe. Nikikupigia hivi hivi tu, nilikuwa sijui niseme nini.”

Binti akafuta macho kwa kiganja. “Haya, leo linasemaje hilo dude?”

“Leo halina kosa,” alisema mzee. “Wewe, umekula?”