Fundi na Vidonge vya Ngozi

Fundi alikuwa na miaka hamsini na minne na donge moja rohoni. Mumewe alipomwacha, miaka tisa nyuma, alifunga begi akasema, "Umezeeka kabla ya wakati." Basi. Mtu anaweza kukutukana kutwa nzima ukasahau, lakini neno kama hilo huhamia kwako kabisa. Sasa binti wa mdogo wake alikuwa anaolewa, na kwa kuwa yule bwana aliyemwacha Fundi alimbeba sana binti huyo mgongoni utotoni, bibi harusi alimwalika. Fundi hakununa. Alisema tu kwamba safari hii bwana atautazama uso wake vizuri, kisha ayameze maneno yake bila maji.

Ndipo akaenda duka la dawa. Muuza dawa akampa vitamini C za kutafuna, na vitamini E, vile vidonge laini vyenye mafuta ndani.

"Kimoja kwa siku, mama, ukishakula. Vinasaidia ngozi, ila havirudishi miaka."

Hilo la mwisho Fundi alilipa kisogo. La kumeza nalo aliliona upuuzi. Ngozi iko nje, dawa ikazungushwe tumboni ya nini? Na yeye ni mtu wa sindano. Basi kila mchana, pale pale kwenye meza ya cherehani, alitoboa kidonge, akajipaka, akajitazama kwenye kioo cha wateja, akarudi kushona gauni la bibi harusi.

"Dada, unang'aa," mdogo wake alimwambia alipopita kulitazama gauni. "Nzi akitua hapo atateleza avunjike mguu."

"Wivu hauna dawa. Nenda kanunue vyako."

"Shemeji anakuja na mkewe mpya, ujue."

"Aje. Gauni langu la bluu linamsubiri."

Gauni hilo alikuwa amejishonea mwenyewe, na mabegani alilitia lesi nyeupe ambayo hakumbakishia mtu hata kipande.

Lakini mdharau maelekezo, jamani. Siku moja kabla ya harusi alitoboa kidonge kwa papara, kikamponyoka na kutema mafuta yote kwenye gauni la bibi harusi, kifuani katikati, mahali ambapo kila kamera ingeelekea. Fundi akanyunyiza unga wa chaki. Chaki ikanywa mafuta kidogo, doa likabaki. Kufua satini ile kungeacha duara kubwa zaidi. Ilihitajika lesi ya kufunika, na lesi ya namna hiyo ilikuwa mahali pamoja tu.

Mdogo wake alipoingia alimkuta ameshika wembe, anafumua mabega ya gauni la bluu. Kwa mara ya kwanza mwezi mzima hakuwa na utani. Fundi aliumia, tusidanganyane. Alifumua uzi mmoja mmoja huku kamasi zikimtoka.

Bibi harusi akapendeza, watu wakaisifu lesi. Fundi alikaa safu ya mbele ya ukumbi na gauni lake la kahawia, lile analoendea misibani. Usoni hakupaka kitu. Hata kuvitazama vile vidonge hakutaka.

Mumewe wa zamani akaingia ameshikwa kiwiko na mkewe mpya. Mke akamwacha kidogo ili akapeleke zawadi mezani. Yeye akasogea kwenye safu ya familia polepole, akisalimia mmoja mmoja, mpaka akafika kwa Fundi. Akainama kwa adabu.

"Shikamoo, mama."

Mdogo wake Fundi akauma leso. Huyu bwana alimzidi Fundi miaka sita. Fundi akayatazama macho yake, ndipo akaelewa: mtoto wa jicho, yote mawili, mboni zimefunga ukungu mtupu. Hakuwa akiona lesi, wala kahawia, wala uso wa mtu yeyote. Maneno aliyoyaandaa kwa miaka tisa yalikuwa tayari ulimini. Akayatafuta makali yake, hakuyapata.

"Marahaba, mwanangu," akajibu.

Bwana akaganda. Sauti ile aliijua.

"Ni wewe?"

"Ni mimi. Nipe mkono. Mbele yako pana ngazi, utaanguka."

Akamkalisha, akamwita mkewe, kisha akatoka nje na mdogo wake. Wakacheka mpaka wakaegemea ukuta. Halafu Fundi akalia, na mdogo wake hakumuuliza anamlilia nani.