Safu ya Wajenzi wa Daraja

Mama yangu amezeeka mpaka kulala na kuwa macho vimekuwa kitu kimoja kwake. Ukimkuta kafumba macho usidhani kalala, na ukimkuta kayafumbua usidhani yuko nawe. Anakaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, blanketi la kijivu magotini, na mimi nakaa upande wa pili na cherehani yangu. Nimeacha kushona sare za shule siku nyingi, lakini mkono uliozoea kazi haujui kustaafu. Pazia letu ni jembamba, na mwanga ukipita humo unatandaa sakafuni kama maji ya kina kifupi. Mama huyatazama maji hayo kutwa nzima, na mara nyingine huinua miguu asilowe.

Mwaka huu alianza kuuliza jambo.

"Mama amelala wapi?"

Mara ya kwanza nilidhani anataka kupelekwa kitandani. Nikamwambia, "Kitanda chako ni kile kile, mama."

"Sikuulizi cha kwangu, we mtoto. Mama yangu mimi. Amelala wapi?"

We mtoto ni mimi, mwenye wajukuu wa kuoa na kuolewa.

Bibi yangu huyo, mzaa mama, sikumwona. Alikuwa mpishi wa vibarua waliojenga daraja kubwa la mto, hili hili tunalovuka tukienda sokoni. Alimwacha mama kwa dada yake, mama bado wa kubebwa mgongoni, akaenda kuwapikia wajenzi. Daraja likaisha, watu wakarudi makwao, yeye hakurudi. Ikaja habari kwamba homa imemchukua na kwamba amezikwa mjini. Mjini sehemu gani? Aliyeleta habari hakusema, na waliopokea hawakuuliza. Msiba ukikuingia ghafla hukumbuki kuuliza vitu vidogo. Baadaye ndipo vinapokuwa vikubwa.

"Nitafika huko," mama aliniambia siku moja, macho kayafumba, "waniulize mama yako umemwacha wapi. Niseme sijui? Mtu mzima kama mimi? Siendi."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Mama alikataa kufa. Daktari wa zahanati alisikiliza moyo wake akatikisa kichwa, akasema huu moyo umechoka zamani, sijui unatembea kwa nguvu gani. Mimi nilijua ni nguvu gani.

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, ni fundi saa na huja kwangu kunywa chai kila jioni. Huja na utani wake na miwani yake ya kukuzia aliyoisahau kipajini. Nilipomweleza kwamba nataka kwenda kulitafuta kaburi, aliweka kikombe chini.

"Mtafutie, shemeji. Ila ujue, siku ukimpa jibu, ndiyo umempa ruhusa ya kuondoka."

Nikaachia pedali ya cherehani. Hilo nilikuwa nimeliona tangu mwanzo, ila sikupenda kulisikia likisemwa na mtu mwingine.

"Kwa hiyo nikae kimya?"

"Mimi sijasema ukae kimya. Nimesema ujue."

Nilimtazama mama. Midomo ilikuwa inacheza, anazungumza na mtu. Nilitaka abaki, tena sana. Lakini sikutaka abaki kwa sababu mlango umefungwa na ufunguo ninao mimi.

Kumbukumbu za maziko ya mji wetu zinatunzwa nyuma ya jengo la manispaa, katika chumba kirefu chenye baridi. Rafu zimepanda mpaka darini, na mavumbi yanaelea katika mwanga wa madirisha ya juu, hayapandi wala hayashuki. Anayekitunza ni mama mmoja wa makamo mwenye sweta la kijani na glavu nyeupe za pamba. Ana brashi laini kama ya kupaka watoto poda, na kila kitabu anachokitoa anakipangusa kwanza mgongo, kisha kingo, kisha ndipo anakifungua, taratibu, kama anayemwamsha mgonjwa.

"Jina la marehemu, mama?"

Nikamtajia.

"Tutajaribu," alisema, "lakini zamani zile watu wa kazi hawakuandikwa sana majina. Waliandika kazi ya marehemu, aliyeuleta mwili, na safu ya kaburi. Kuna vitabu vya wanaume na vya wanawake, kwa sababu na makaburi yenyewe yalitengwa hivyo, wanawake upande wa mtoni, wanaume upande wa barabara. Mwaka unaujua?"

Mwaka naujua, umechorwa kwenye nguzo ya daraja. Akanitolea vitabu vya wanawake vya miaka ile ya ujenzi, na mimi nikavaa miwani nikaanza kusoma. Elimu yangu ni ya msingi, lakini nasoma bila haraka, na asiye na haraka haruki mstari.

Mfua nguo. Yaya. Muuza maziwa. Mke wa karani. Mke wa dereva. Mke wa dereva yule yule, wa pili. Mwanamke, mgeni, ameletwa na polisi. Nilikwenda tena na tena, na kila nilipokwenda wanawake wale walizidi kunizoea. Nikiinamisha kichwa niliwaona wamepanga foleni kati ya rafu, mwenye beseni, mwenye mtoto, mwenye kushika kiuno, kila mmoja anangoja zamu yake nimsome. Nikimaliza mmoja anasogea pembeni. Bibi yangu hakuwemo. Nilimtafuta kwa sufuria, kwa moshi, kwa macho mekundu ya jikoni. Mpishi wa kike hakuwemo hata mmoja.

Shemeji alikuwa akinisindikiza. Hukaa kwenye benchi la mlangoni na kusinzia mdomo wazi.

"Mzee wako anachoka," mtunza kumbukumbu alininong'oneza.

"Si mzee wangu huyu, mwanangu. Wangu alikuwa mzuri."

"Nimesikia," alisema shemeji bila kufumbua macho.

Jioni narudi nyumbani, mama anageuza uso. Haulizi tena kwa mdomo. Ananitazama mikono, kama mtoto anayemngoja mzazi kutoka sokoni. Nami nasema, "Bado, mama." Naye anasema, "Haya," na kurudi kwenye maji yake ya sakafuni.

Sasa sikiliza jambo lilivyokuja. Shemeji alichanika suruali kwenye msumari wa benchi lile lile, akaja nimshonee. Akaivua chumbani, akatoka amejifunga shuka langu la maua mpaka kwapani, akaketi na chai yake kwa adabu.

"Nitazame vizuri, shemeji. Ningekuwa mwanamke, watu wangeuana."

"Wangekimbia."

Nikawa nashona huku nacheka, suruali mapajani mwangu na mwanaume ndani ya shuka mbele yangu, na hapo nikakumbuka oda moja ya zamani. Shule ilikuwa imeniletea karatasi: sare za wapishi watatu, suruali na shati. Nikashona suruali tatu nzuri, zina mifuko ya pembeni na mkunjo wa pasi. Siku ya kuzichukua wakaja wapishi wenyewe, akina mama watatu wanene. Mmoja aliivaa yake juu ya gauni, akazunguka nayo chumba chote huku wenzake wakifuta machozi ya kicheko. Mwalimu mkuu alijikuna kichwa. "Mimi niliandika wapishi tu," alisema. "Sikufikiria zaidi." Na mimi pia, mwanamke, sikufikiria zaidi.

Sindano ikasimama nguoni.

"Shemeji," nikasema, "nimekuwa nikisoma kitabu sicho."

Asubuhi tulikuwa mlangoni kabla mtunza kumbukumbu hajavua mkoba begani. Nikamwomba kitabu cha wanaume.

"Lakini mama, bibi yako si alikuwa mwanamke?"

"Kwa sifa nilizozisikia," shemeji alidakia, "lolote linawezekana."

"Bibi yangu aliajiriwa kama mpishi wa kambi," nilimwambia. "Aliyeandika cheo hicho alikuwa na mwanaume kichwani. Akifa mpishi, karani anaandika mpishi, na kitabu ni hiki kilicho karibu na mkono."

Alinitazama kidogo, kisha akachukua brashi. Akapangusa mgongo, akapangusa kingo. Tulisoma pamoja, kichwa kwa kichwa. Mvunja mawe. Seremala. Mzamiaji, ameokotwa chini ya mto. Mchanganya saruji. Foleni hii ilikuwa ya wanaume wenye vumbi jeupe nyusini, na walinipisha wenyewe, hawakutaka nipoteze muda kwao. Kisha kidole chenye glavu nyeupe kikasimama.

Mpishi, kambi ya daraja. Homa. Ameletwa na wenzake. Safu ya wajenzi, mwisho.

"Jamani," alisema yule mama wa sweta la kijani, na akavua miwani yake. Lakini kazi yake ni kazi yake, akaivaa tena. "Nisikudanganye, mama. Kambi inaweza kuwa na wapishi wengi. Huyu anaweza kuwa mwanaume kweli. Kitabu kinafika hapa tu."

Makaburi ya zamani yako ng'ambo ya daraja. Nilikwenda na shemeji kutazama kwanza, nisije nikampandisha mama matumaini kisha nikamshusha. Ilikuwa asubuhi yenye ukungu wa mto, na tulitembea kati ya majani marefu nguo zikilowa mpaka magotini. Mlinzi wa pale alitupeleka upande wa barabara, upande wa wanaume, mpaka kwenye safu ya mabamba ya saruji yaliyolazwa ardhini. Hayakuwa na majina. Kila bamba lilikuwa limechorwa kifaa cha kazi, kwa kidole au kwa kijiti, saruji ikiwa bado mbichi. Nyundo. Sepeto. Msumeno. Kamba yenye fundo. Wenzao walikuwa wamewaandika kwa maandishi waliyoyajua wote.

La mwisho lilikuwa limefunikwa na ukoga. Shemeji alipiga magoti, akashusha miwani yake ya kukuzia kutoka kipajini, akaanza kukwangua kwa kisu chake cha saa, taratibu, kama anafungua mashine ndogo. Ukatokea upawa, mpini wake mrefu na kichwa chake cha duara. Akaendelea. Kuuzunguka upawa ule, vidogo kama mbegu, vikatokea vitu vya bluu.

"Shanga," alisema.

Ulikuwa mkufu mzima wa shanga, umepangwa mviringo na kukandamizwa kwenye saruji mbichi. Karani ndiye aliyekosea. Wanaume walioichanganya saruji ile walijua wanamzika nani.

Shemeji alikaa kitako kwenye majani. Akakifunga kisu chake.

Tuliazima kiti cha magurudumu zahanati. Mama nilimwogesha, nikamvisha gauni lake la rangi ya udongo nililolishona mwenyewe, na alipokuwa anavishwa hakuuliza tunakwenda wapi. Alinyoosha mikono tu. Juu ya daraja alisema, "Linatetemeka." Kweli, lori lilikuwa linapita.

Tulipofika kwenye safu, tulimsogeza mpaka magurudumu yakagusa bamba la mwisho. Nikamshika kwapani, shemeji upande wa pili, tukamshusha taratibu akaketi juu ya blanketi lake. Akaweka kiganja kwenye saruji. Vidole vyake vilitembea kwenye mpini wa upawa, vikazunguka kichwa chake, vikazihesabu shanga kwa kuzigusa, na kwenye moja iliyong'oka vikakaa ndani ya shimo lake.

"Shikamoo, mama," alisema.

Akatega sikio. Bibi yangu alikufa akiwa mdogo kuliko mjukuu wangu wa kwanza, na mama alimwamkia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, sauti nyembamba, ya mtu aliyetoka kuitwa ndani. Sisi tulitazama pembeni. Baada ya muda akakubali kwa kichwa, kama mtu aliyeitikiwa.

Kisha akamtafuta mlinzi kwa macho. "Baba, nafasi ipo hapa?"

Nikamshika bega, kama ataondoka saa ile ile.

"Hapana, bibi. Pamefungwa miaka mingi. Hazikwi mtu tena."

"Hata pembeni? Mimi si mnene."

"Hata pembeni, bibi. Sheria."

Mama alilitafakari jambo hilo. Ukungu wa asubuhi ulikuwa unapanda, na mto ukaanza kuonekana chini, kipande kwa kipande.

"Basi kama ni hivyo," alisema, "hakuna haraka."

Shemeji alicheka mpaka akakohoa. Mimi sijui kama nilikuwa nacheka. Nilitoa leso nikafuta uso wangu, na mama akaniona.

"Mama," alisema, akilipapasa bamba, "huyu ni mwanangu wa kwanza. Mbishi kidogo, lakini anashona. Gauni hili ameshona yeye, shika uone. Na yule anayekohoa ni shemeji yake, usimjali." Kisha akanigeukia, macho yake yamefumbuka na yeye yumo ndani yake. "Umesimama tu? Mwamkie bibi yako."

Nikapiga magoti kwenye majani yenye umande, na mvi zangu zote, mbele ya yule mwanamke kijana.

"Shikamoo, bibi," nikasema.