Siku Nilipomteka Mpwa Wangu

Nilikuwa Zegereni nachomelea geti la kiwanda, cheche zinaruka, dada yangu Bertha akapiga simu akinong'ona. Yuko Kisarawe kwa mama mkwe wake, Bi Biubwa. Mwanawe Hajra, kichanga wa miezi michache, anaharisha na homa inamchoma, na bibi ameshaona vivimbe vyeupe kwenye ufizi. Hukumu imepita: meno ya plastiki, eti ndiyo yanayoleta homa. Fundi wa kuyang'oa, Mzee Isihaka, yuko njiani na spoku yake ya baiskeli iliyonolewa.

Nikamuuliza mbona hakatai. Akaniuliza kama moshi umenipanda kichwani. Amkatalie mama mkwe, tena nyumbani kwake? Na mumewe Latifu kasafiri, simu haipatikani.

Miwani ya kuchomelea niliivua nikiwa tayari juu ya pikipiki. Njia ya vumbi ya Kiluvya niliipita kwa mwendo ambao kuku walinipisha bila kupigiwa honi. Huku nawaza niseme nini. Somo la meno shuleni nililipitia nimesinzia. Nikigombana, nitafukuzwa, na spoku itaingia kinywani mwa mtoto mimi nikiwa nje ya ua.

Ndipo nikakumbuka: sisi Wanyamwezi, wao Wazaramo. Watani. Siku ya harusi ya Bertha, Bi Biubwa mwenyewe aliniteka, akanifunga kanga kwenye nguzo ya turubai mpaka ndugu zangu wakanikomboa kwa kreti la soda. Kununa hakuruhusiwi. Bertha utani wake aliuacha mlangoni alipoolewa. Wangu ulikuwa bado mzima.

Nilikuta mkeka umetandikwa, majirani wamejaa, Mzee Isihaka anafuta spoku kwa kitambaa. Hajra kalala mapajani mwa bibi yake, hana hata nguvu ya kulia. Nikatoa shikamoo kwa kila mkubwa, kisha nikajilaza mkekani, mdomo wazi.

"Anza na mimi, mzee. Nimetoka Zegereni, nina kiwanda kizima cha plastiki humu."

Majirani wakacheka. Bi Biubwa akabana midomo.

"Mnyamwezi, ondoka hapo, mtoto anaumwa. Latifu naye alitolewa, si yuko hai?"

"Yuko hai, mama, ila muwa anautafuna kwa pembeni kama mbuzi. Chonge zake hazijaota mpaka leo."

Kicheko kilipopanda, nikaruka, nikamnyakua Hajra.

"Mtani nimeteka. Nampeleka hospitali. Mkimtaka, mje mumkomboe huko."

Mzee Isihaka akasimama, spoku mkononi. Miguu yangu ilitaka kukimbia bila kunisubiri. Bi Biubwa akanitazama, akamtazama mjukuu, kisha akainua mkono.

"Kaa, mzee. Mtani hazuiwi."

Sikungoja abadili neno. Bertha akapanda nyuma yangu na mwanawe kifuani, tukaondoka.

Hospitalini walikuta malaria. Mtoto akatundikiwa dripu, na jioni akafungua macho, akanyonya kwa pupa mpaka Bertha akalia.

Hapo ndipo Bi Biubwa alipotokea na habari ya kuku mweupe wa kukombolea, aliyezuiliwa getini na mlinzi. Nesi akamfunua Hajra mdomo, akamweleza kwamba vile vyeupe ni meno yake mwenyewe, yanangoja zamu chini ya ufizi. Homa ilitoka kwa mbu. Kuyachokonoa kungeweza kummaliza kwa kutoka damu. Bi Biubwa akaupapasa ufizi kwa kidole, taratibu.

"Na yale ya Latifu?"

Nesi akainamisha macho.

Bi Biubwa akaninyooshea mikono apewe Hajra, niliyekuwa nimempakata. Nikamwambia kuku hatoshi, nataka na spoku.

Akafungua pindo la kanga, akaitoa.

"Isihaka anaitafuta mpaka sasa," akasema. "Lete mjukuu wangu."

Nikampa. Spoku nayo iko Zegereni, nimeichomelea kwenye lile geti, na mwenye kiwanda anadhani ni urembo.