Mke Mwenza wa Kujazwa Upepo

Munira hakuwahi kuogopa mke mwenza hadi siku Twalib alipomleta nyumbani ndani ya begi. Mke mwenza mwenyewe alikuwa mtumbwi wa plastiki, wa kujazwa upepo kwa pampu, ambao Twalib aliachiwa na bosi wake aliyehama nchi. Tangu hapo kila Jumamosi mume alikuwa wa huyo, kule Kunduchi kwenye mikoko, na siku nyingine alikuwa wa huyo barazani.

Na alivyojua kumtunza! Akimjaza, hana haraka: sakafu kwanza, kisha ubavu huu, kisha ule, mkono ukipapasa mshono. Akimtoa upepo, hufungua kizibo taratibu, humkandamiza kuanzia puani, humfuta kwa kanga ya Munira, tena ile ya harusi, hadi akauke ndipo amkunje. Mwezi uliopita Munira alipougua malaria, aliamka akakuta panadol juu ya stuli na mume hayupo.

"Shoga, mwenzio hali wala havai," Somoe wa nyumba ya pili alimtania. "Mie ningeshukuru."

"Havai, na kanga yangu anayo yeye?" Munira hakucheka.

Ijumaa hiyo Twalib aliujaza mtumbwi ili aukague, akauacha barazani kivulini, umelegea kidogo. "Usimweke juani," alisema akivaa kofia. "Upepo ukipata joto unavimba, mshono utaachia." Akaenda zake msikitini.

Jamani, mwanamume mwenye akili humwambia mke mwenye wivu maneno kama hayo?

Munira aliuburura mtumbwi hadi katikati ya uwanja, jua la saa saba likiwaka. Akasukuma pampu mpaka mbavu zikakaza kama ngoma. Kisha akaketi kumenya vitunguu, akingoja. Ulipopasuka, kuku walitawanyika uwanja mzima, na Munira akasikia raha ambayo hakuwa ameionja kwa muda mrefu.

Mume aliporudi alimkuta yuko tayari na maneno yake yote. Alitaka ugomvi, maana kwenye ugomvi angalau mtu hukutazama usoni. Twalib hakumtazama. Alipiga magoti mchangani na kanzu yake nyeupe, akapitisha kiganja penye mpasuko.

"Pole," alinong'ona. "Pole, mama."

Akauhamishia kivulini, akaleta solusheni na kiraka, akakaa ubavuni mwake ameubana kwa viganja viwili hadi adhana ya alasiri.

"Chakula kinapoa," Munira alisema.

"Ngoja kwanza. Nikimwachia sasa hivi hatashika."

Munira alisimama mlangoni, sahani mkononi. Alikuwa ametaka kumuua mke mwenza, kumbe amemtia ugonjwa tu. Na sasa alijua, kwa kuona kwa macho yake mwenyewe, kwamba Twalib anajua kuuguza.