Milimita za Wekundu

Mbambu, mchuuzi wa maharage kutoka Saio, hakuiogopa malaria kama alivyoiogopa dawa yake. Kila akimeza klorokini mwili ulimwasha siku tatu, hadi nyayo. Akajikuna kwa kucha, kwa ukingo wa meza, kwa chochote. Dispensari walimwita mwongo. Kisha mwezi mmoja aliamua kutomeza, na malaria nusura imzike.

Basi mwaka ule wa 1984 akaja docteur kutoka Kinshasa, abakosi, ile suti isiyovaliwa tai, imepigwa pasi ikanyooka, na rula, na fomu alizopewa Ulaya. Alitia tone la klorokini chini ya ngozi ya mkono wa kila aliyelalamika kuwashwa. Dawa ikiichokoza ngozi, alieleza, ngozi hutoa histamini, na hiyo ndiyo inayowasha. Mwenye wekundu wa milimita ishirini angepewa cheti cha kupata vidonge vya aina nyingine. Mbambu alikitaka cheti hicho kwa roho yake yote.

Akachomwa. Mkono ukavimba, ukawasha kama upupu. Docteur akainama na rula, akaugeuza mkono huku na huku, akitafuta wekundu kwenye ngozi nyeusi tititi.

"Rouge, ule wekundu, iko zéro," akasema. "Citoyenne, hauna kitu."

"Gusa basi, docteur! Iko inavimba! Iko inaniwasha!"

"Fomu haiulize kuvimba."

Kusoma kwingi nako! Watu kumi na wanane walikuwa wameshajikuna mbele yake, na wote aliwaandikia sifuri. Mbambu alishikwa na hasira hadi machozi yakamtoka.

"Jichome na weye, tuone."

Docteur akacheka, akakunja mkono wa abakosi, akampa sindano muuguzi wake, Katsuva. Mkono wenyewe ulikuwa mweusi kuliko wa Mbambu. Dakika kumi hazijaisha, msomi wetu alikuwa anajikuna kwa rula.

Mbambu akaiomba ile rula kwa heshima zote. Akapima.

"Rouge, zéro. Acha kujikuna, docteur. Zéro haiwashake."

Katsuva akageukia ukuta, mabega yakimtikisika.  Docteur akachukua fomu mpya, akaandika jina lake mwenyewe, akafuta neno wekundu na kuandika uvimbe: milimita ishirini na mbili. Mkuki kwa nguruwe! Kisha akairudisha kalamu mfukoni.

Mbambu akauweka mkono wake uliovimba juu ya fomu.

"Bic yako iko na wino bado," akasema. "Andika na yangu. Kisha ya wale kumi na wanane."