Jozi Yenye Uzi Mwekundu

Shangazi alikiinua kiatu changu dirishani kama daktari anayetazama picha ya mfupa, akafumba jicho moja. Mwanga wa saa nne asubuhi uliteleza juu ya soli. Nyuma yake walisimama watu wawili: Kocha, mikono mgongoni, na Wakala wa timu ya kulipwa, faili kwapani, ameshatazama saa yake mara tatu. Mimi nilikuwa mlangoni, nimeinamisha kichwa, kwa kuwa mlango ule haukujengwa kwa watu wa aina yangu. Nilikuwa na miaka kumi na saba, urefu wa mita mbili na sentimita nne.

Soli ile ilikuwa ya uongo, na aliyejua hilo nilikuwa mimi peke yangu.

Karakana ya Shangazi ilikuwa chini ya jukwaa la watazamaji wa mpira wa kikapu. Dari lake lilishuka kwa ngazi za zege, kiasi kwamba upande mmoja ungeweza kusimama wima na upande wa pili ungetambaa. Siku za mechi, miguu ya watu ilinguruma juu ya vichwa vyetu, na baina ya ngurumo ulisikia mpira ukidunda, du, du, du, kama mgeni asiyechoka kubisha hodi. Humo ndani mlinuka gundi na raba iliyopashwa moto. Hadi leo nikipita penye fundi viatu, mji wowote, miguu hunisimama yenyewe.

Alikuwa fundi wetu kwa sababu vijana warefu hawapati viatu. Namba arobaini na saba, arobaini na nane, nani atakuuzia? Yeye alipanua, akashona, akavua soli ya hapa akaivika kule. Maishani mwake hakuwahi kuchezea mpira wa kikapu, ila kuurudisha kwa teke ulipobingiria mlangoni kwake, huku akitukana. Lakini siku moja alimwambia Kocha, "Mwenye viatu hivi mpumzishe, atavunjika kifundo." Kocha alicheka. Baada ya wiki tatu hakucheka tena.

Toka hapo ikawa desturi. Kila mwaka, kabla Wakala hajaja kuchagua, Kocha aliwapa vijana walioingia kwenye orodha jozi mpya zinazofanana. Tulizivaa msimu mzima, kisha akazikusanya na kumpelekea Shangazi bila majina, kila jozi imefungwa uzi wa rangi yake. "Mimi nina vipenzi," Kocha alikuwa akisema. "Kiatu hakina sura."

Nami nililelewa katika chumba kile. Baba yangu, mdogo wake, alikuwa na zamu kiwandani, kwa hiyo tangu nina miaka tisa, nikitoka shule nilikaa juu ya kopo la gundi nikimpa sindano. Aliniita "baba," maana nilibeba jina la baba yake mzazi. Akanifundisha kusoma soli kabla sijajua kusoma gazeti vizuri.

"Huyu kisigino kimelika. Unaona nini?"

"Anakimbia sana?"

"Anachelewa kusimama. Mtu wa kisigino hufika kila mahali baada ya jambo kwisha." Akageuza kiatu kingine. "Na huyu? Tazama hapa, chini ya kidole gumba, duara kama sahani. Huyu anageuka. Urefu ni kazi ya Mungu, baba. Kugeuka ni kazi yako. Mrefu asiyejua kugeuka ni mlingoti, mtundikie bendera uende zako."

Mwenye duara kama sahani, miaka ile, alikuwa rafiki yangu Ngazi. Nilimzidi urefu kwa kidole kimoja, na sikumwacha asahau. Lakini akigeuka chini ya ringi, ungedhani sakafu ndiyo iliyozunguka na yeye kasimama tu. Mimi niliruka. Niliruka hadi watu wakashika vichwa, na shangwe zao zikanivika kilemba cha ukoka, nami nikakivaa nikatembea nacho mji mzima. Nilijiona nimefika. Sikuwa kijana wa kuambiwa "bado" na mtu yeyote aliyetembea kwa miguu.

Wiki moja kabla ya viatu kukusanywa, nilivigeuza vyangu nikavisoma. Kisigino kimeliwa kama hindi la kuchoma. Mbele, palipotakiwa duara, raba ilikuwa mpya kama siku ya kwanza.

Nilijua maana yake. Niliijua kuliko Kocha. Nikachukua msasa katika droo ya Shangazi, nikaenda nyuma ya tangi la maji, jua la mchana likinichoma shingo, nikasugua. Nilisugua hadi duara likatokea, zuri, la mviringo, duara la Ngazi. Kisigino nikakijaza kipande cha raba kwa gundi, nikakipaka vumbi. Mwaka uliotangulia kijana mmoja alikuwa amepunguza umri wake kwenye karatasi; Kocha alipogundua alimfuta, akaziandikia barua timu zote, na yule kijana hakukanyaga tena sakafu ya mbao. Nililijua hilo pia, na bado nikasugua.

Basi tuko pale pale, dirishani, saa nne asubuhi. Jozi yenye uzi wa bluu alishaimaliza: "Huyu tayari. Mchukueni." Ilikuwa ya Ngazi, nilijua. Sasa alishika yenye uzi mwekundu. Kidole gumba chake kilipita juu ya duara taratibu, kikashuka hadi kisigino. Pale kikasimama.

Hakunitazama. Hakumtazama mtu.

"Huyu bado," alisema. "Mwakani."

Wakala akasogea. "Bado kwa nini, mama? Mbona naona duara ni lile lile?"

"Wewe unaona duara. Mimi naona mtu. Bado."

Kocha alifungua karatasi yake ya rangi na majina, akatafuta nyekundu, akainua macho kuniangalia. Macho yale ya huruma ndiyo yaliyoniwasha. Niliingia ndani kwa hatua moja, nikajigonga darini, na maumivu yale yakanipa sauti.

"Unanionea!" nilisema. "Kwa sababu huna mtoto, hutaki hata wa mdogo wako afike popote!"

Wahenga walisema ulimi hauna mfupa. Wangu siku ile ulikuwa na meno. Juu ya vichwa vyetu mtu alipita akiburuta kiti, tukamsikia mpaka mwisho wa jukwaa.

"Hebu nikione hicho kiatu," Kocha alisema hatimaye, akanyoosha mkono.

Shangazi alikwisha kuchukua koleo. Akabana soli kwenye ncha, akaing'oa yote kwa mvuto mmoja, kwa mlio kama wa nguo inayochanwa. Akafanya hivyo hivyo kwa kiatu cha pili. Soli zote mbili akazitupa kwenye debe la mabaki, zikazama kati ya nyingine mia.

"Vimefunguka visigino," alimwambia Kocha. Kisha kwangu, bila kupandisha sauti: "Nenda, baba. Nitavitengeneza."

Niliondoka nikiamini amenimaliza mbele ya watu kwa hasira ya lile neno langu. Nililia nyuma ya tangi lile lile la maji, kilio cha mtu aliyedhulumiwa, na nililiamini kila tone lake.

Siku ya tatu baba yangu alirudi kutoka kazini amevibeba viatu kwenye mfuko. "Dada anasema kama vinabana umwambie." Nikavigeuza. Soli mpya, mshono mdogo mdogo uliolala kama sisimizi mstarini, mshono ambao hakumshonea mtu mwingine. Nilikaa kitandani navyo mapajani. Taratibu, kama maji yanavyopanda kisimani, nikaelewa. Kocha angekishika kile kisigino kwa dakika moja tu, jina langu lingefutwa siku ile ile. Yeye aliliona kabla, akaharibu ushahidi kwa koleo, na tusi langu akalipokea kama malipo ya kazi hiyo.

Unadhani nilikwenda kuomba radhi? Kiburi ni kiatu kinachobana; unajua kinakuumiza na bado hutaki kukivua mbele za watu. Miezi kumi na moja nilipita mlangoni kwake nimenyoosha shingo. Yeye alishona. Nami nikaingia uwanjani asubuhi, kabla ya wengine, nikachora duara kwa chaki chini ya ringi na kujifunza kugeuka ndani yake.

Ulikuwa mwaka mzuri kuliko yote niliyopata kuishi, ingawa wakati ule niliuita kifungo. Sakafu tupu. Madirisha ya juu yakimwaga mwanga mbaoni kama maziwa. Pumzi zangu, mpira wangu, na chini kabisa, kupitia zege, nyundo ya Shangazi ikigonga misumari midogo. Aliponyamaza nami nilinyamaza. Alipoanza, nilianza. Hatukusalimiana, lakini tulifanya kazi pamoja kila siku.

Mwezi wa tano tangu achukuliwe, Ngazi alirudi.

Miguu yake haikuwa na kosa. Alicheza, alifunga, walimpigia makofi. "Wenzangu kule wana watoto wa umri wangu," alinisimulia tukiwa tumekaa jukwaani, akicheka. "Mmoja akaniuliza, dogo, umemaliza kazi za shule? Ndugu yangu, na nilikuwa sijazimaliza kweli!" Nikacheka naye. Kisha akaacha kucheka, mimi nikaendelea peke yangu kidogo kabla sijatambua. "Nilikuwa silali," alisema. "Nilikuwa naingia stoo ya mipira nafunga mlango. Ukiniuliza nilichokuwa naogopa, sikijui."

Habari zilimfikia Shangazi. Inasemekana aliweka sindano chini na hakuishika siku mbili. Kocha alipomkumbusha kwamba Wakala anakaribia tena, alimjibu, "Safari hii usiniletee kitu. Mimi ni fundi viatu."

Hapo ndipo nilipokwenda.

"Ingia, utajigonga," alisema kabla sijafungua mdomo. Alikuwa amepiga magoti, anatafuta uzi.

"Shangazi. Zile soli nilizisugua mimi."

"Najua. Na gundi uliipaka vibaya. Miaka minane unakalia kopo langu, hata kupaka gundi hujui! Nilipata aibu ya kifundi."

"Na lile neno..."

Alikata uzi kwa meno. "Lile liliniliza siku nzima. Siku ya pili nikafikiri: tusi kama lile mtu humtukana mama yake, shangazi hatukanwi hivyo. Nikalipokea kwa njia hiyo." Akapitisha uzi sindanoni, mara ya kwanza ukakosa, mara ya pili ukapita. "Kaa. Umeziba mwanga."

Nikakaa juu ya kopo. Magoti yalinifika masikioni. Nikavua viatu nikamwekea mezani, soli juu.

"Nitazamie."

Alivitazama bila kuvishika. "Duara lipo. Hata Kocha analiona." Kisha akavirudisha kwangu kwa mgongo wa mkono. "Ngazi nilimtazama nikaona miguu, Ngazi mwenyewe sikumwona. Nilimtuma mtoto wa watu akalie machozi stoo."

"Basi nani ataniambia kama niko tayari?"

"Sijui, baba."

Sikuwahi kumsikia akisema "sijui." Juu yetu mpira ulidunda mara mbili, ukabingirika.

Wakala alikuja Jumamosi na faili lake. Kocha aliniita mezani. "Fundi hasemi mwaka huu," alisema. "Mimi nasema ndiyo, lakini mimi huwa nina vipenzi. Sema wewe."

Mwaka mmoja nyuma ningepiga kifua hadi karatasi zipeperuke. Nilitazama mikono yangu.

"Nadhani niko tayari," nilisema. Hilo "nadhani" lilikuwa geni kinywani mwangu. Wakala akatazama saa, akanipa kalamu.

Sasa nina miaka ishirini na sita, misimu minane ya ligi nyuma yangu na magoti ya mzee wa sitini. Waandishi wa habari huniuliza siku ya kwanza uwanjani ilikuwaje, nami huwapa ya kuandika, makofi, taa, majina yetu yakitangazwa. Ninayoikumbuka ni asubuhi ya tano katika chumba cha timu. Kitanda kifupi, miguu imening'inia nje, ukuta mweupe nilioukodolea macho hadi kukapambazuka. Watu wazima walikuwa wakikohoa na kupiga soga kwenye korido. Mazoezi yalikuwa saa mbili. Nikachukua simu.

Nilikuwa nimepanga kumwambia chakula ni kizuri.

"Shangazi," nilisema, "leo siku ya tano silali."

Upande wa pili nilisikia nyundo ikiwekwa juu ya meza.

"Mimi ya sita," alisema. "Haya, vaa viatu uende."